Bastola Mbili, Mbio Moja

Haya, sogeeni. Mwenye mahindi mdomoni atafune haraka, maana hii si hadithi ya kusikiliza kisha ukajilalia. Mwishoni nitawatwisha mzigo wa kukata shauri, na sitaki kusikia mtu anasema hakusikia vizuri. Mko tayari? Basi.

Huko nyanda za Mbulu, katika kijiji cha Endahagwe, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Tluway, fundi bunduki mwenye leseni yake ukutani. Mikono yake ilikuwa na baraka: ukimpelekea chuma kilichokwisha kata tamaa, kesho unakikuta kinafanya kazi.

Wa pili ni Emiliana, mfanyabiashara wa vitunguu swaumu. Kipaji chake kilikuwa subira ya maofisini. Ataambiwa "njoo kesho" mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili atafika na tabasamu lile lile, mpaka karani mwenyewe aone haya na kugonga muhuri.

Wa tatu ni Bura, mwalimu wa kwaya. Huyo alipewa masikio. Waimbaji arobaini wakiimba na mmoja akikosea sauti, Bura hageuki hata shingo. Anataja jina tu.

Sasa, anayetuhusu zaidi ni Mwalimu Paskalina, mstaafu wa shule ya msingi, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa akianzisha mbio kubwa za Endahagwe, baada ya mavuno, vijiji vitano vinapokusanyika. Na huko wana desturi yao: jioni ya mbio, mwanzishaji hutangaza jina la mtu mmoja, yule aliyezifanya mbio za mwaka ule ziwezekane. Mwaka mzima unachukua jina hilo. Mwaka ambao daraja lilivunjika na mzee Gwandu akatandika magogo usiku kucha, zikawa Mbio za Gwandu, na hadi leo ukimuuliza mtu umri wake atakwambia, "Mimi nilizaliwa Mbio za Gwandu." Jina ni moja tu. Mwaka hauna majina mawili.

Mwalimu Paskalina alianzisha mbio kwa bastola kuukuu ya kuanzishia mashindano, ile ya kutoa mlio tu, iliyokuwa ikitunzwa kituo cha polisi. Mlio wake ulikuwa mzito, "Pwaaa!", unafika mpaka ng'ambo ya bonde. Siku moja akaambiwa risasi zake zimekwisha, na za saizi ile hazitengenezwi tena popote. Mwaka huo akalazimika kutumia filimbi. Loo! Mchungaji mmoja kule mlimani akapiga filimbi kumwita mbwa wake, nusu ya wakimbiaji wakatoka mbio, nusu wakabaki, na ugomvi ukadumu hadi jioni. Kamati ya kata ikatoa neno: mwakani bila bastola ya kueleweka, au mbio zikivurugika tena, zinahamia kijiji cha Gidhara, moja kwa moja.

Mwalimu Paskalina aliposikia hivyo alikaa kwenye kiti chake akalia machozi ya kweli. Mbio zile zilikuwa ndiyo maisha yake.

Mkutano ukaitishwa. Tluway akasimama. "Mwalimu, bastola hii ni nzima. Kilichokwisha ni risasi zake tu. Nipeni ruhusa niibadilishe, itumie saizi nyingine, zile zinazouzwa siku hizi. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Emiliana naye akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Kaka Tluway, na heshima zako zote, hicho chuma kina umri wa bibi yangu. Leo utabadilisha hiki, kesho kitakufa kile. Tununue mpya yenye karatasi zake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda!"

"Kumbe unakubali ni kidonda!" Tluway akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Wakabishana mpaka jua likazama. Hawa wakapiga makofi kwa Tluway, wale wakapiga vigelegele kwa Emiliana, na mkutano ukavunjika bila uamuzi. Basi kila mmoja akafanya lake.

Tluway akafuata kibali, akaichukua bastola kuukuu, akajifungia kwenye karakana yake siku kumi na tisa. Akaondoa kilichopaswa kuondoka, akatia kipya, akapima, akakataa kazi yake mwenyewe mara mbili, akaanza upya. Mkewe alipompelekea uji alikuta wa jana haujaguswa. Siku ya ishirini akaijaribu mbele ya polisi. Pwaaa! Sauti ni ile ile, imekohoa kidogo tu, na Tluway akacheka peke yake kama mtoto.

Emiliana akaacha vitunguu vyake kwa dada yake, akashika njia ya Arusha. Ofisi ya kwanza, njoo kesho. Ofisi ya pili, mhusika hayupo. Ofisi ya tatu, fomu imebadilika, anza ile ya kwanza. Akaenda, akarudi, akasubiri, akatabasamu. Siku ya ishirini na tatu akashuka kwenye basi na kiboksi cheupe, ndani yake bastola mpya inang'aa, na muhuri juu ya muhuri.

Bura, yeye, hakufanya kitu. Alikuwa akifundisha kwaya yake nyimbo za shukrani. Watu walimsema. Mngojeeni, zamu yake yaja.

Siku ya mbio ikafika. Jamani, Endahagwe ilipendeza! Wakimbiaji mia na ishirini mstarini, akina mama na ngoma, na mjumbe wa kamati ya kata amekaa mbele na kalamu yake. Mwalimu Paskalina mezani ana bastola mbili, na kulia kwake Tluway, kushoto kwake Emiliana, kila mmoja anamwangalia.

"Tuanze na mgeni," akasema Mwalimu, akachukua ile mpya. "Kwenye mstari! Tayari!"

Pa!

Hakuna aliyesogea. Wakimbiaji mia na ishirini wameinama vile vile, macho juu. Kaukelele kale walikasikia, lakini wao tangu utotoni wamezoea kuondoka kwa Pwaaa.

"Nani amekanyaga chupa?" akauliza mmoja.

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Emiliana akajifunika uso kwa kanga. Mwalimu akaichukua bastola kuukuu. "Tayari!"

Pwaaa!

Hapo wakaondoka kama maji yaliyofunguliwa. Lakini kijana mmoja wa Gidhara, Lohay, alichomoka kabla ya mlio, na akina Gidhara wenzake wakamfuata. Lazima warudishwe. Mwalimu akapiga tena ili wasimame. Pwaaa! Masikini, wakadhani wanahimizwa, wakaongeza mwendo! Pikipiki mbili zikatumwa kuwafukuza, na wa mbele walipatikana wameshavuka mto.

Waliporudi wakihema, manung'uniko yakaanza. "Tuliwaambia! Leteni mbio kwetu Gidhara!" Mjumbe wa kata akafungua daftari lake. Mwalimu Paskalina akaikodolea macho ile kalamu. Miaka ishirini na sita, na yote inakwisha kwa mstari mmoja wa wino.

Ndipo Bura alipokuja mbio, ameacha kwaya yake imekodoa macho.

"Mwalimu! Usichague moja! Hizi ni sauti mbili. Hii kuukuu ni besi, hii mpya ni soprano, hata kiziwi hawezi kuzichanganya. Besi iondoe, soprano irudishe!"

Mwalimu akamtazama. Kisha akanyakua kipaza sauti, akawaeleza wakimbiaji, akawapigia zote mbili waonje. Pwaaa, nenda. Pa, rudi. Wakaitikia kwa pamoja, na kwaya nayo ikaitikia, maana kwaya haikosi kiherehere.

Wakapangwa tena. Pwaaa! Lohay, huyo huyo, akachomoka mapema tena. Pa! Na wakimbiaji mia na ishirini wakasimama papo hapo, hatua kumi tu, wakageuka, wakarudi mstarini wakicheka. Vigelegele! Akina mama wakarusha kanga juu. Safari ya tatu wakaondoka sawasawa, mbio zikakimbiwa mpaka mwisho, mshindi akabebwa, na hakuna aliyelalamika, hata Gidhara. Mjumbe wa kata akafunga daftari, akachomeka kalamu mfukoni. "Mbio hazihami," akasema. Mwalimu Paskalina akamkumbatia mpaka kofia yake ikadondoka.

Jioni ikabaki kazi moja, jina.

"Mwalimu," akasema Tluway, "bila yangu wasingeondoka."

"Na bila yangu wasingerudi," akasema Emiliana. "Mwaka jana tuliona, kuondoka si kazi. Kazi ni haki."

Bura akatabasamu. "Bila mimi mngekuwa na bastola mbili mezani, na mbio ziko Gidhara."

"Na bila mimi," akadakia Lohay kutoka nyuma, "hizo sauti mbili zingekuwa za nini?" Huyo alizomewa kwa furaha, na sisi tumwache hapo alipo.

Mwalimu Paskalina akawatazama wote watatu. Moyo wake ulikuwa umejaa, na kila alipomwangalia mmoja alimwona ndiye. Kutoka kwenye umati akasogea mama mmoja mwenye kichanga mgongoni, cha siku nane.

"Mwalimu, tamka basi," akasema. "Huyu wangu atataka kujua. Akikua akiulizwa, aseme amezaliwa Mbio za nani?"

Mwalimu akakileta kipaza sauti mdomoni. Akavuta pumzi.

Mimi naishia hapo, maana yeye alinigeukia akasema, "Waulize hao wanaokusikiliza." Basi nawauliza, na msiniangalie mimi. Yule aliyekipa uhai cha zamani, yule aliyekileta kipya, au yule aliyezisikia sauti mbili wengine wakisikia kelele? Mtoto yuko mgongoni anangoja. Wewe ungelitamka jina la nani?