Kivumbasi cha Bi Nunu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, miezi miwili kabla ya masika, Bi Nunu alifariki.

Kijiji chake kilikuwa kando ya kinamasi. Mbu walikuwa wengi: nzii, nzii, nzii! Kila mwaka Bi Nunu alikwenda porini, akachuma kivumbasi, mmea wenye harufu kali, akakikausha, akatundika fungu kwenye kila mlango. Mbu hawakuingia.

Kila alipotoka alimwita Mwatumu, mke wa mwanawe.

"Mwatumu, twende ukakione."

"Ah, mama! Mimi na pori wapi na wapi? Wewe ukileta yatosha."

"Na nisipoweza kuleta?"

"Mama nawe! Wewe utatuzika sote."

Bi Nunu alicheka, akaenda peke yake. Kesho yake alimwita tena. Kesho kutwa yake akamwita tena.

Miguu ilipochoka, alihamishia miche michache ya kivumbasi nyuma ya nyumba.

"Mwatumu, njoo basi hapa uani tu."

"Naja, mama."

Hakuja.

Siku tatu kabla ya arobaini ya Bi Nunu, Mwatumu alitazama nyuma ya nyumba. Akaona magugu yenye vijiua vyeupe.

"Wageni waukute ua wa mama hivi? Aibu gani hii!"

Akashika jembe. Kwa! Kwa! Kwa! Akaang'oa yote. Alipoinama kuyakumbatia ayatupe, akanusa mikono yake. Ilikuwa harufu ya mlango wake.

Akairudisha miche ardhini, mmoja mmoja, akaimwagilia maji. Jua lilikuwa kali. Siku ya arobaini wageni waliikuta imenyauka yote.

Masika yakaja. Nzii, nzii, nzii! Mtoto mchanga wa Mwatumu alilia, uso umejaa vipele. Mwatumu akamfunga mgongoni, akaingia porini. Alichuma jani, akalifikicha, akalinusa. Silo. Akachuma lingine. Silo.

Jirani yake Kombo alimwona akirudi mikono mitupu.

"Mwatumu na pori, wapi na wapi?"

Kesho yake aliingia porini tena.

Siku ya ishirini na moja ya kutafuta alikipata, kimche kimoja, kando ya njia ya kisimani. Hakukichuma. Alirudi akapita mlango kwa mlango.

"Jamani, twendeni mkakione."

"Wewe kilete tu, Mwatumu."

Wasikilizaji wangu, mzee akikuita ukaone kitu, nenda siku hiyohiyo.

Na Mwatumu, walimfuata watu wawili tu. Na ngano yangu nimeifikisha hapo, hapo ndipo ilipokoma.