Baraza la Kinyozi Feruzi

Palikuwa na Hakimu Mkuu mmoja, Mzamil bin Zahran, aliyeamka siku moja akataka baraza la kinyozi. Si nyumba, si shamba. Baraza la mawe, linalotosha watu wanne kukaa, mkabala na mlango wa mahakama yake. Alitaka wakae hapo watu wa mtaa wake, wampigie makofi kila atokapo kuhukumu.

Lazima niwaambie habari za mitaa, maana bila hizo hamtaelewa kitu. Mji ule ulikuwa na mitaa miwili, wa Juu na wa Chini, na mtu wa huku hakumpa wa kule hata kaa la moto. Walishindana kwa ngoma, kwa harusi, hata kwa mazishi. Mahakama Kuu, ambayo neno lake lilikuwa la mwisho, ilikuwa na mahakimu saba: wanne wa Juu, Mkuu akiwa mmoja wao, na watatu wa Chini. Wote waliapa kwamba wakivua viatu mlangoni, na mtaa wanauacha hapo hapo. Ajabu ni kwamba kila kesi iliisha wanne kwa watatu, na wanne walikuwa wale wale.

Feruzi, huyo kinyozi, alikuwa mtu wa Chini, maskini, mwenye mdomo mkali kuliko wembe wake. Alikuwa amenyoa watu kwenye baraza lile miaka kumi na miwili. Alipoletewa amri ya kuhama, aliingiwa na hofu ya kweli, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kupata riziki, na nyumbani vilimngoja vinywa sita. Akajifuta povu mikononi, akavuka njia, akaingia mahakamani.

Mdai alikuwa Hakimu Mkuu. Mwamuzi alikuwa Hakimu Mkuu. Hakuna aliyeona kasoro.

"Sema, kinyozi."

"Bwana Hakimu, Waraka wa Mji umetundikwa hapo nyuma yako. Umeandikwa: mwenye kufanya kazi barazani miaka kumi, baraza ni lake. Mimi ninayo kumi na miwili."

Hakimu akatabasamu, lile tabasamu la msomi anayemhurumia mjinga.

"Feruzi, wewe unasoma herufi. Sisi tunasoma nia. Wazee waliotunga Waraka walinuia nini?"

"Sijui, Bwana. Sikuwahi kuwanyoa."

"Mimi najua. Walinuia kazi ya heshima. Kukwangua vichwa si kazi ya heshima."

"Waliandika hivyo?"

"Hawakuandika. Walinuia."

"Wewe walikwambia lini?"

Watu wakacheka. Askari akagonga rungu sakafuni.

"Nia ndiyo sheria!" wakasema mahakimu wa Juu.

"Herufi ndiyo sheria!" wakajibu watatu wa Chini, wakimtazama Feruzi kwa mapenzi makubwa.

Wanne kwa watatu, kama kawaida. Hakimu Mkuu akachovya kalamu. Feruzi akaliona baraza lake linakwenda hivi hivi.

"Bwana Hakimu, kabla hujaandika, nifundishe. Hiyo nia ni ya baraza langu tu, au ya Waraka mzima?"

"Mzima. Kila mstari."

"Hata mstari wa mwisho?"

Kalamu ikasimama. Watu wakainua macho ukutani. Mstari wa mwisho ulisema kwamba hakimu atashuka kitini siku nywele zake zote zitakapokuwa nyeupe, na Sultani atamteua mwingine. Na Sultani wa wakati ule, sijui kama nimewaambia, alikuwa mtu wa Chini.

"Mstari huo haunihusu," akasema Hakimu, akavua kilemba watu waone. "Umeandikwa nyeupe. Zangu ni nyeusi."

"Nyeusi sana, Bwana. Nyeusi tangu Alhamisi."

Hapo ndipo Hakimu alipokumbuka mkono unaompaka piko, rangi ya kuficha mvi, kichwani kila wiki, mlango umefungwa, ulikuwa mkono wa nani. Ndivyo walivyo wakubwa: kinyozi wanamwona wembe, hawamwoni macho.

"Siri ya mteja sisemi," akaendelea Feruzi kwa adabu. "Nauliza tu, nami ni mwanafunzi wako. Wale wazee walinuia rangi, au walinuia uzee?"

"Uzee!" Watatu wa Chini waliruka vitini kwa pamoja. "Walinuia uzee! Nia ndiyo sheria!"

"Herufi!" wakafoka wanne wa Juu. "Imeandikwa nyeupe! Sheria isomwe kama ilivyoandikwa!"

Feruzi akageuka kulia, akageuka kushoto. Wale watetezi wake walikuwa wanakikodolea macho kiti cha Mkuu, na baraza lake hakuna hata mmoja aliyelikumbuka.

"Kama ilivyoandikwa, Bwana Hakimu?"

"Herufi kwa herufi," akasema Hakimu, jasho likimtiririka, na jasho lenyewe lilikuwa jeusi.

"Waraka mzima?"

Hakimu akamtazama kinyozi kwa chuki. Kisha akawatazama wale watatu, akaona afadhali kinyozi.

"Mzima."

"Basi andika, Bwana."

Akaandika. Baraza likawa la Feruzi, wanne kwa watatu, na waliompinga ni watu wa mtaa wake mwenyewe.

Watu walipotawanyika, Hakimu alimvuta pembeni, sauti chini.

"Haya, yamekwisha. Alhamisi njoo nyumbani kama siku zote. Pitia mlango wa nyuma."

"Nyumbani tena, Bwana Hakimu?" Feruzi akashangaa kwa sauti iliyofika hadi njiani. "Umehukumu sasa hivi, herufi kwa herufi: mwenye kufanya kazi *barazani*. Alhamisi kilete kichwa, ukae mstarini na wenzako."