Bi Pimbi Alipolipwa Makofi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwaaa!

— Pakawaaa!

Pakawa jiwe, jiwe lina shimo, shimoni mna macho.

— Macho ya nani?

Ya Bi Pimbi. Tulieni basi, na atakayesinzia nitamsimulia kesho peke yake, tena bila chumvi.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na maneno mengi kuliko sisi, palikuwa na mlima wa mawe. Juu kabisa aliishi Nyani, mkuu wa mlima. Alikuwa na mikono mirefu, meno marefu, na hotuba ndefu kuliko vyote hivyo. Chini ya mlima palikuwa na ghala la wote. Kila mnyama alipeleka humo sehemu ya mavuno yake, na ufunguo ulikaa kwa Ngedere, mpwa wake Nyani. Msicheke. Ndivyo ilivyokuwa.

Katikati, kwenye nyufa za mawe, aliishi Bi Pimbi na mumewe na watoto wao wawili, Jabali na Kokoto. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, hana mkia, hana pembe, hana hata ukucha wa kujikunia vizuri. Lakini viganja vyake! Viganja vya pimbi ni laini, tena vina unyevu siku zote, kama mtungi wa maji uliokaa kivulini. Ukiwa na homa, akikuwekea kiganja kwenye paji la uso, unasikia ubaridi mpaka kisogoni.

Mwaka mmoja ukaja ugonjwa. Hakuna aliyejua ulikotoka. Popo akasingiziwa, na ndiyo maana mpaka leo haonekani mchana, anaona haya kwa kosa ambalo hata halijui. Mlima mzima ukawa ni kwohu! kwohu! Sungura anakohoa, kwohu! Kobe anakohoa, gamba linalia kama ngoma. Twiga anakohoa, na kikohozi chake kinasafiri shingo nzima ndipo kitoke. Nyani alipoona hivyo akapanda juu na familia yake, akavingirisha jiwe, akaziba mlango. Kisha akachungulia kwenye ufa.

"Enyi pimbi!" akaita. "Ninyi ndio wenye viganja. Shukeni mkawauguze wenzenu! Ugonjwa ukiisha, kila muuguzi atapata debe la mtama kutoka ghala la wote!"

"Debe kamili, Mzee?" akauliza Bi Pimbi.

"Debe na kilele chake!"

Ulikuwa msimu wa mavuno. Waliokuwa wazima walivuna na kuweka akiba ya kiangazi. Bi Pimbi na mumewe hawakuvuna. Walishuka kwa wagonjwa. Bi Pimbi alimwekea kiganja huyu, akaimba:

*Poa, poa, mwana wa mwenzangu,*
*moto wako uje kwangu.*

Akamwekea kiganja yule, akaimba:

*Poa, poa, mwana wa mwenzangu,*
*moto wako uje kwangu.*

Na kila jua lilipozama, Nyani alitoa mikono yake kwenye ufa, akapiga makofi, na wazima wote wakamfuata. Pwa! pwa! pwa! Kusema uongo ni dhambi: mara ya kwanza Bi Pimbi alilia kwa furaha. Baadaye akawa anatabasamu tu. Baadaye tena makofi yalimkuta akimfumba mumewe macho, maana ule moto wa wengine ulikuwa umemjia kweli. Alimzika peke yake, na kule juu, pwa! pwa! pwa!

Ugonjwa ukaisha. Nyani akavingirisha jiwe, akatoka. Alikuwa amenenepa. Akaitisha sherehe, akahutubia mpaka kivuli kikahama upande, na mwisho akasema: "Na hawa pimbi ni mashujaa wetu! Wapigieni makofi!"

Pwa! pwa! pwa!

Bi Pimbi akasimama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, shujaa."

"Makofi tumeyasikia, Mzee. Sasa tunaomba yale madebe. Kiangazi kinaingia, na mimi sikuvuna. Nina watoto wawili ndani."

Nyani akajikuna ubavu. "Bi Pimbi, unanihuzunisha. Uuguzi si kazi, mama. Uuguzi ni wito. Umewahi kusikia mtu ameitwa, akadai ujira wa kuitika?"

"Nimeitika, Mzee. Mume wangu ameitika mpaka kaburini. Sasa wanaoniita ni watoto, na wao wanaita chakula."

"Kama hukuridhika, kashtaki," akasema Nyani, akageukia asali yake.

Kesi ikaenda kwa Ngedere. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Inavyokwisha mnajua wenyewe. Ngedere alisikiliza huku anatafuna karanga. Karanga za nani? Usiniulize. Alipomaliza kutafuna alisema: "Nimeona kwamba mama huyu alipigiwa makofi kila jioni. Makofi ni malipo halali. Ameshalipwa. Tena amezidishiwa!"

Bi Pimbi alitamani kumrukia, lakini mwenye ukucha mfupi hupigana kwa kichwa. Akainama mpaka kidevu kikagusa jiwe. "Nimekubali, Mheshimiwa. Ila wenzangu ni wazito kuelewa, watakuja kukusumbua kila siku. Kwa nini usitangaze kwa mbiu, mlima mzima usikie kwamba makofi ni malipo halali? Ungepumzika."

Ngedere akapendezwa na neno kupumzika. Akachukua baragumu, akapiga. Puuuu! "Sikieni! Makofi ni malipo halali! Anayekataa makofi amevunja sheria!"

Bi Pimbi akaondoka pole pole. Akapita kwa Nguruwe, akamnong'oneza. Akapita kwa Kanga, akamnong'oneza. Akapita kwa Nyuki, akawanong'oneza kwa mbali kidogo.

Kulipokucha, Ngedere akatoka kukusanya kodi ya Nyani, chakula chake cha kila siku. Akafika kwa Nguruwe. "Leta mihogo ya Mzee."

"Tayari," akasema Nguruwe. Pwa! pwa! pwa!

"Hii ni nini?"

"Malipo halali. Nikuongezee?" Pwa!

Akafika kwa Kanga. "Leta mayai ya Mzee."

"Tayari." Kanga akapiga mbawa. Pu! pu! pu!

Akafika kwa Nyuki. "Leteni asali ya Mzee."

"Tayari." Nyuki wakapiga mbawa zao karibu na sikio lake, vuuuu! Ngedere hakungoja kuhesabu, alikimbia.

Nyani alikuwa amekaa mkao wa kula. "Chakula kiko wapi?"

"Wote wamelipa, Mjomba."

"Kiko wapi, nakuuliza!"

Ngedere, maskini, akapiga makofi.

Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Tumbo la Nyani likanguruma, ngurrr! Mtama ulikuwako ghalani, lakini koo lililozoea asali halimezi mtama mkavu. Mwishowe akashuka mwenyewe, amefura kwa hasira, akasimama mbele ya wanyama wote.

"Makofi hayaliwi!" akanguruma.

Bi Pimbi akajitokeza, kiganja kimekinga sikio. "Unisamehe, Mzee. Nimepigiwa makofi mengi, masikio yameziba. Umesemaje?"

"Nimesema makofi hayaliwi! Makofi si malipo!"

"Wenzangu, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Kama makofi si malipo," akasema Bi Pimbi, "basi mimi bado nadai."

Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa ameliona. Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa, Kobe akacheka mpaka akapinduka chali. Bi Pimbi naye alicheka, mara ya kwanza tangu mumewe afe, na alijisikia mrefu kuliko Twiga. Hadithi ingekuwa na adabu ingeishia hapa.

"Ngedere," akasema Nyani kwa upole, "mlipe mama wa watu haki yake." Kisha akamkonyeza.

Bi Pimbi akaja na kapu kubwa ghalani. Ngedere akapima debe la mtama na kilele chake, akaliweka mbele yake. Bi Pimbi akanyoosha mikono.

"Ngoja kwanza, kuna makato," akasema Ngedere. "Tunatoa ya ulinzi wa ghala." Akachota. "Tunatoa ya ile sherehe ya kuwashukuru." Akachota. "Tunatoa ya mpiga mbiu. Si uliomba mwenyewe?" Akachota. "Halafu tunatoa ya makofi."

"Ya makofi?"

"Tulikupigia kila jioni, mama. Umesema mwenyewe si malipo. Basi ilikuwa huduma, na huduma haitolewi bure."

Akachota, akachota. Ndani ya debe ukabaki ukufi mmoja wa mtama, yaani kiasi cha kukaa kwenye kiganja cha pimbi kisimwagike.

"Na debe la mume wangu?" akauliza Bi Pimbi.

"Lipo, tena halijaguswa. Aje mwenyewe kulichukua. Tumechoka na wauguzi hewa."

Bi Pimbi alimtazama Ngedere, akautazama ufunguo. Mwenye maneno unaweza kumshinda kwa maneno, lakini mwenye ufunguo utamshinda kwa nini? Akafumba kiganja juu ya mtama wake, akapanda nyumbani, kapu linaburuzika nyuma yake.

Kiangazi kikaja. Nyasi zikaungua. Waliocheka naye walimpa walichoweza, Nguruwe alileta kipande cha muhogo, lakini Nyani alikuwa ameongeza kodi kufidia siku zake za njaa, na nyumba nyingi zilikuwa tupu. Bi Pimbi alimpa Jabali punje, akampa Kokoto punje, yeye akalamba kiganja. Mtama ukaisha. Kokoto akalala, hakutaka kuamka. Mama yake akamwekea viganja kwenye paji, kwenye kifua, kwenye tumbo, akaimba wimbo wote. Viganja hupoza homa. Njaa haipozwi kwa kiganja. Kokoto akafa, na sitaremba.

Mvua ikaja wakati haina tena haja ya kuharakisha. Na kikohozi kikaja nayo. Safari hii kilianzia juu.

"Bi Pimbi!" Nyani akaita. "Bi Pimbi wee! Njoo, mwanangu anaungua!"

Wanyama wote walitoka kutazama. Bi Pimbi akapanda, jiwe kwa jiwe, mpaka mlangoni kwa Nyani. Akasimama. Akainua viganja vyake.

Pwa! pwa! pwa!

"Pole, shujaa," akamwambia, akageuka kwenda zake.

Chini wakashangilia. Bi Pimbi akapiga hatua, akapiga hatua nyingine. Nyuma yake kikasikika kikohozi kidogo, kwu, kwu, cha mtoto asiyejua babake ni nani wala ghala ni nini. Kokoto alikuwa akikohoa hivyo hivyo alipokuwa mchanga. Bi Pimbi akasimama. Aliichukia miguu yake kwa kusimama. Akaichukia zaidi ilipogeuka. Akaingia ndani, akamwekea mtoto wa Nyani kiganja, na akaimba huku analia:

*Poa, poa, mwana wa mwenzangu,*
*moto wako uje kwangu.*

Mtoto akapoa. Akafungua macho, akaomba uji. Nyani alilia mlangoni, machozi ya kweli, hayo sikuongeza mimi. Akamtazama Bi Pimbi. Akatazama kule chini lilipo ghala. Akamtazama Ngedere na ufunguo wake. Akamtazama tena Bi Pimbi, midomo ikimcheza, na Bi Pimbi, Mungu amsamehe, akasubiri.

Nyani akainua mikono yake miwili.

Pwa! pwa! pwa!

Bi Pimbi alikimbia. Alishuka mlima bila kutazama nyuma, akatumbukia shimoni, akamkumbatia Jabali, akaziba masikio. Na mpaka leo, ukipita penye majabali asubuhi, utamwona pimbi amekaa juu ya jiwe, ametulia tuli, anatazama mbali. Wengine husema anaota jua. Kumbe anatazama ghalani, aone kama mlango umefunguliwa. Kama huamini, mpigie makofi uone. Hatangoja la pili, atakuwa shimoni.

Sasa fundisho, maana hadithi bila fundisho hairuhusiwi. Watoto wazuri, fanyeni kazi kwa bidii na msiulize ujira, kwa sababu mkubwa hasahau. Na akikupigia makofi, shukuru sana. Kupigiwa makofi na kupigwa makofi kumepishana silabi moja tu, na silabi hiyo anaiweka yeye. Mmeelewa?

— Hatujaelewa!

Vizuri. Mtakua.

Hadithi yangu imerudi shimoni. Utamu wake gawaneni, uchungu wake mpelekeeni Nyani, ingawa najua atawakata makato kwanza. Na ninyi mnaoinua mikono, ishusheni! Anayetaka kunishukuru, sufuria iko jikoni. Alete kiazi.