Makuyu ya Mwanasiti

Paukwa!

Mbona mnaitikia kama mmenyimwa chakula? Toeni sauti! Paukwa!

Pakawa!

Ehee, hapo sawa.

Hapo zamani za kale alikuwepo Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa na mfuko mtupu. Mkewe aliitwa Mwanasiti. Hondohondo alimpenda huyo mke mpaka akimwona husahau alichokuwa anasema.

Desturi ya kina hondohondo mnaijua? Mke akitaka kutaga, huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa tope, ukaachwa upenyo mwembamba tu. Hatoki mpaka makinda wakue. Mume akileta chakula, mke anakula. Asipoleta, mke analala njaa.

Basi Mwanasiti akaingia, akataga. Kila siku Hondohondo akamletea makuyu, akampitishia upenyoni, wakapiga soga na kucheka.

Siku moja mkuyuni akamkuta Kunguru, mvivu wa kuchuma.

"Mkeo unampa nini?" Kunguru akauliza.

"Makuyu."

"Makuyu! Kitu cha kuokota! Huoni haya, bwana wee? Wangu mimi namvisha bangili. Wako atakukimbia, shauri yako."

Hondohondo akaingiwa na hofu. Amkose Mwanasiti? Ataishi vipi?

"Nifanyeje, ndugu yangu?"

"Nipe hayo makuyu, nikupe shanga."

Akatoa makuyu, akapewa shanga. Akaruka, akagonga mti, ngo ngo ngo!

"Mke wangu, nimekuletea shanga!"

"Ahsante, mume wangu. Na chakula?"

"Kesho!" Akaondoka mbio kutafuta zawadi nyingine.

Kesho yake akatoa makuyu, akapewa bangili. Ngo ngo ngo!

"Mke wangu, nimekuletea bangili!"

"Ahsante. Na chakula?"

"Kesho!" Na soga hakuna tena.

Siku ya tatu akatoa makuyu yote, akapewa kioo. Loo, alivyoringa nacho njiani! Ngo ngo ngo!

Akagonga tena, ngo ngo ngo!

"Mwanasiti! Mwanasiti mke wangu!"

"Bee," sauti ikatoka, nyembamba kabisa.

"Nimekuletea kioo, ujione ulivyo mzuri!"

"Nijione vipi, baba, humu ndani kiza totoro? Makuyu yangu yako wapi?"

"Nimempa Kunguru."

"Basi nenda ukakae na Kunguru, maana mimi nakufa."

Jamani! Hondohondo akakitupa kioo, pwaa! Akaruka huku analia. Mkuyuni Kunguru anamngoja na hereni.

"Hereni za dhahabu hizi!"

"Zivae mwenyewe!"

Akachuma, akarudi, akamlisha mkewe kuyu moja moja, anamsimulia habari za mji mzima, mpaka jua likazama. Na ndani ya tope, Mwanasiti akacheka. Hondohondo akasikia raha, akalia tena.

Makinda wakakua, mlango ukavunjwa, Mwanasiti akatoka amenona. Mke wa Kunguru akaja kumtazama, bangili zinamlia ching'ili ching'ili.

"Shoga, mumeo alikupa nini ukapendeza hivi?"

"Makuyu tu, shoga."

Mke wa Kunguru akaziangalia bangili zake. "Mimi ninazo mpaka kwenye kwapa," akasema, "na hajawahi hata siku moja kuniuliza kama nimekula."

Basi, enyi wenye wapenzi na mifuko mitupu, msikimbilie shanga. Muulize mwenzio ana haja gani, umpe hiyo, ukae naye mzungumze.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyo tamu ondokeni nayo, iliyo chungu niachieni mwenyewe.