Jivu Kwenye Mdimu

Palikuwa na mjane mmoja, nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya msitu. Wanawe walishakwenda kuishi mbali. Wa kumjibu mle ndani alikuwa kuku tu, naye kuku hujibu akitaka.

Watu wa kule husema kipepeo akiingia nyumbani, mgeni yuko njiani. Basi mjane akawa anangoja kipepeo. Kila asubuhi hufungua mlango, hufagia, huteleka chai ya watu wawili, halafu huinywa yote mwenyewe, maana kumwaga hakuzoea.

Vipepeo wa msituni walifika uani, weusi wenye madoa ya njano. Walitua kwenye mdimu wake, wakaonja majani kwa miguu, wakataga, wakaenda zao. Mayai yakatoa viwavi. Wabaya! Ungedhani mavi ya ndege. Ukimgusa mmoja, anachomoa pembe mbili nyekundu kisogoni na kukutolea harufu. Mjane akachota jivu jikoni, akawamwagia.

Siku moja jirani yake akapita akitoka kulima, mtoto mgongoni.

"Hodi, bibi!"

"Karibu... ala! Simama hapo hapo! Tope lote hilo uniletee ndani? Na huyo mtoto, mbona kamasi mpaka kidevuni?"

"Nimekuja kukujulia hali tu. Hilo jivu la nini?"

"La hawa wachafu. Wananimalizia mdimu."

Jirani akacheka. "Bibi, si ndio vipepeo wenyewe hao! Waache wale washibe. Watajishikiza kwenye vijiti, wakauke kama majani mabovu, kisha watoke na mabawa. Ukiwaua wote, nani ataingia nyumbani kwako?"

Mjane akamtazama, akawatazama viwavi. Alikuwa ameelewa, msidhani hakuelewa.

"Basi wakishaota mabawa ndio waje," akasema. "Nawe ukishanawa."

Akachota jivu jingine. Yule jirani akamweka mtoto sawa mgongoni, akashika njia, na hakupiga hodi tena pale.

Masika yakapita. Mjane akashikwa na homa, akalala kifudifudi, mlango wazi, akisikiliza nyayo. Zilikuwa za kuku. Msiniulize kama alipona. Nani angejua?

Mnaguna? Mnamsikitikia? Haya, sisi je? Mkwe tunamtaka akishajua kupika. Mlevi tutamsalimu akishaacha pombe. Kijana aje kwenye ibada, lakini kwanza akanyoe. Tunawapenda wote, wakishamaliza kuwa walivyo! Halafu jioni tunakaa peke yetu tukilalamika kwamba siku hizi watu hawatembeleani.

Asubuhi hii, wakati wa sala, mtoto amelia humu ndani. Mama yake mmemkazia macho mpaka akatoka. Yuko pale nje juani, anamnyonyesha, na ameketi chini.

Mahubiri yangu yameishia hapa. Nani anakwenda kumwita?