Nyota wa Manjano Aliyetaka Kusogea

Paukwa!

Pakawa!

Nani yuko macho?

Sisi hapa, masikio wazi!

Hapo zamani za kale palikuwa na nyota aitwaye Bi Manjano. Mkubwa, jamani! Majua elfu yangeingia tumboni mwake. Kuni za katikati ya moyo wake zilikuwa zimekwisha, sasa alichoma za pembeni, ndiyo maana alivimba akawa wa manjano. Lakini aliishi mbali, mbali, mbali. Duniani alionekana kama punje ya mtama.

Nyota weupe walio karibu na dunia wakamcheka: "Bi Manjano, umeumuka kama andazi! Mwanga wako uko wapi?"

Bi Manjano hakukaa, hakutulia, hakupumzika.

Kilichomuuma ni hiki. Katika kijiji kimoja, mtoto akitimiza siku arobaini, mama humtoa nje jua likizama, humwonyesha nyota mmoja na kusema, "Huyu ndiye mlinzi wako." Bi Manjano hakuwahi kuchaguliwa hata mara moja.

"Basi nitasogea," akasema. "Wakiniona nilivyo, watanipenda."

Akapiga hatua ya kwanza. Umande ukakauka. Akapiga ya pili. Visima vikakauka, mbuzi wakalia kwa kiu. Akainua mguu kwa hatua ya tatu.

Jioni hiyo mama mmoja, Mwanasiti, alitoka na kichanga chake, Radhia, aliyekuwa akiumwa macho. Akamwonyesha nyota mweupe wa kwanza, mtoto akalia. Wa pili, akalia. Wa tatu, akajificha kifuani.

"Mtoto gani huyu?" nyota weupe wakanung'unika. "Mrudishe ndani!"

Mwanasiti hakumrudisha. Akazunguka uani akimbembeleza, akatafuta, akatafuta, mpaka akamwona Bi Manjano, hafifu kule pembeni. Radhia akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Akanyamaza, akatazama.

"Huyu ndiye mlinzi wako," mama akasema.

Bi Manjano akashtuka, mguu ungali juu. "Mimi? Ngoja, nakuja karibu anione vizuri!"

"La, dada yangu! Joto lako limeshatukaushia visima. Mwanangu amekupenda kwa upole wa mwanga wako. Rudi kwako, nakuomba."

"Nikirudi mbali, si utanisahau?"

"Akikukosa atalia, na wa kumbeba ni mimi. Nitakusahauje?"

Bi Manjano akacheka. Akashusha mguu, akarudi hatua moja, akarudi ya pili. Visima vikajaa, mbuzi wakanywa. Na kila jioni Mwanasiti akatoka na mwanawe, hata siku aliyochoka.

Ila kutulia kabisa, bado. Mtazameni: anatetemeka, miguu inamwasha.

Ngano yangu inakaa chini hapa. Anayeonekana mdogo huenda yuko mbali tu. Na ukimpenda mtu, usimkaribie kwa namna ya kumchoma.

Ningeongeza, lakini wangu ameamka, na huyu hataki nyota, anataka kunyonya.