Moyo Uliodunda Maabara

Nipeni masikio, akili bakini nazo, mtazihitaji mwishoni.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa kidato cha sita. Limi alikuwa na vidole visivyotetemeka: angempasua panzi bila kumvunja mguu. Masunga alikuwa na nguvu za fahali, na hasira zake pia. Shija alikuwa na mdomo: akikusimulia kitu, unakiona.

Mwalimu wao wa baiolojia, Mbuke, hakuamini kwamba moyo unafundishwa kwa chaki. Asubuhi moja alinunua moyo wa ng'ombe buchani, akaujaza maji ya rozela, akauunganisha kwa mpira na pampu ya baiskeli. Akapampu. Moyo ukadunda, wekundu ukaruka hadi darini. Darasa likalipuka kama limefunga bao.

"Hadubini yangu mnaiona?" akasema, akijipangusa uso. "Atakayeokoa uhai kwa somo hili, ni yake."

Mchana Shija alikwenda kula nyumbani, akasimulia. Alisimulia vizuri mno. "Mwalimu kaubana moyo, ukadunda, damu ikaruka!" Kusema kwamba ni wa ng'ombe, akasahau. Na mdogo wake wa kiume alikuwa haonekani tangu asubuhi.

Baba yao, Ng'wandu, hakuuliza swali la pili. Alichukua panga. Alipofika shuleni alikuwa na kundi zima nyuma yake: wenye mawe, wenye rungu, na wenye simu za kurekodi.

"Mchawi! Mwanangu yuko wapi?"

"Baba Shija, huu ni wa ng'ombe, njoo ushike mwenye..."

Panga likampasua paja. Damu ikaruka kama ile ya asubuhi, ila hii haikuwa rozela.

Ng'wandu akaliinua tena, akilenga shingo. Masunga akanyakua stuli, akamtwanga nayo usoni. Taya likavunjika, watu wakalisikia. Panga likaanguka.

Limi akabana ngumi kwenye jeraha, akaugandamiza mshipa kwenye mfupa. Mawe yakapita dirishani. Moja likamvunja vidole vya mkono uleule. Hakuutoa. "Mpira wa pampu!" akapiga kelele. "Funga hapa juu! Kaza!"

Hospitalini, damu ya kundi la Mwalimu haikuwepo. Darasa lilishapima makundi yake. Aliyelingana naye ni Shija peke yake. Ng'wandu, kichwa kimezungushiwa bandeji, akamkoromea binti yake, "Ukimpa damu, kwangu usirudi." Shija akakunja mkono wa sweta. "Nitoe damu, sista."

Mtoto alipatikana jioni kwa shangazi yake, anakula viazi.

Mwalimu alipopata nafuu, wote watatu walikwenda kumwona.

"Bila mimi angechinjwa," alisema Masunga, ambaye sasa ana kesi ya taya.

"Bila mimi ungekuwa umetetea maiti," alisema Limi, ambaye vidole vyake viwili havikunjuki tena.

Shija alikuwa anaitazama hadubini.

"Sema basi," Masunga akamchokoza, "si wewe uliyetuletea vita?"

"Mimi. Na damu inayozunguka ndani ya Mwalimu ni ya nani?"

Msiniambie wagawane, hadubini haikatwi kama mkate. Wala msiniambie wote ni washindi. Hiyo ni hotuba ya mahafali. Mwalimu ameipakata, juu ya kovu, na ahadi yake ilikuwa ya mtu mmoja.

Haya, wewe uliyekaa hapo umekunja mikono: ungempa nani?